Vidole vya Bonareri

Madam Rispa, mwalimu wa taipu wa Homa Bay, alikuwa na rula, na rula ile haikuwa ya kupigia mistari. Mwanafunzi akiinamisha macho kutazama mashine, hata kwa kufumba na kufumbua, ilitua juu ya vidole. "Macho kwenye karatasi! Vidole vina macho yao." Vitufe vyote alivifunika kwa kitambaa cheusi, na asubuhi nzima wasichana kumi na wanne walipapasa gizani katika chumba kilicho juu ya duka la mabati, mpaka herufi zikaingia mikononi na kukaa. Bonareri alitoka pale mwaka sabini na tisa akiwa hajui tena kutazama anachokipiga. Hakuwa na haja. Alisoma karatasi iliyo kando yake, mikono ikafanya yake, na ukurasa ukatoka safi. Yashike hayo, kwa sababu ndiyo yaliyomponza.

Alipiga chapa kwa wakili mmoja hapo Homa Bay, akaolewa Migori, akafiwa na mume angali kijana, akabaki na binti yake Emmah. Mwaka wa tisini akaajiriwa katika Ofisi ya Kamusi. Usidhani ni ofisi kubwa. Vilikuwa vyumba viwili ghorofani, kando ya barabara iendayo Isebania, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuwapa watoto wa Wakuria kamusi ya lugha yao. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba Kikuria kina e mbili na o mbili, na kwamba zile za pili zivikwe nukta mbili kichwani: ë, ö. Ukiwa na kalamu, uamuzi wa namna hiyo haukusumbui. Lakini mashine ya taipu haina ë. Wapiga chapa wawili waliomtangulia waliacha nafasi, kisha wakakaa mchana kutwa wakitia nukta kwa mkono, na kurasa zao zilionekana kama zimepitiwa na nzi.

Bonareri, Mkisii aliyekisikia Kikuria nusu na nusu nyingine akaibahatisha, ndiye aliyepata njia. Alipiga e, akairudisha mashine nyuma hatua moja, kisha akapiga alama ya mtajo, ile ya vistari viwili inayokaa juu ya tarakimu 2. Vistari vikatua juu ya e kana kwamba vilizaliwa hapo. E, rudi, mtajo. O, rudi, mtajo. Kwa miaka minane alifanya hivyo mara mia kadhaa kwa siku, na kwa kasi ambayo ukiisikia kutoka barabarani ungesema ni mvua ya mawe.

Mkurugenzi wa ofisi, Mzee Maroa, alikuwa akiweka sahihi bila kusoma. "Kazi ya Bonareri watu hawaisomi mara mbili," aliwaambia wageni. "Mimi naisoma mara sifuri." Wageni walicheka, na Bonareri, ambaye hakuwa mtu wa kusifiwa kila siku, aliinama akatengeneza karatasi zilizokuwa zimekwisha tengenezwa.

Mzee Maroa huyohuyo alikuwa pia mzee wa kanisa la Wasabato walilosali wote wawili. Na hapo ndipo kisa kinapoanza kunuka.

Mwaka wa tisini na tano, Ijumaa moja saa kumi na moja jioni, Pamela wa Ndhiwa alifika kwa Bonareri akilia. Mumewe alikuwa anazikwa kesho yake na ratiba ya mazishi haikuwa imepigwa chapa. Bonareri aliitazama Ijumaa inavyokwisha, akamtazama na mjane, akakaa kwenye mashine ya kanisa aliyokuwa akiitunza nyumbani. Alipoutoa ukurasa wa mwisho, jua lilikuwa limeshazama na Sabato imeshaingia. Muumini mmoja aliyekuwa akipita njiani akamwona dirishani. Jumapili baraza la kanisa likakaa, mwenyekiti Mzee Maroa. "Jua likizama, na mashine izame," alisema, na ikaamuliwa dada Bonareri awekwe chini ya marudi miezi sita. Asiimbe kwaya. Asishiriki meza ya Bwana.

Uamuzi ulihitaji barua, na barua zote za kanisa lile zilipigwa na mtu mmoja. Karani wa kanisa, Omanga, alimletea ule mswada jioni ileile, akisugua kofia yake kwa aibu. "Dada, ni hii tu. Nakala mbili." Bonareri akaipiga barua ya kujifungia nje yeye mwenyewe, bila kosa hata moja, akampa Omanga ya juu akabaki na ya kaboni. Sabato iliyofuata ilisomwa mbele ya kanisa zima, naye yuko pale benchi la nyuma, Emmah amemshika mkono.

Aliimeza. Uchungu aliuona, tena sana, lakini alijiambia kwamba sheria ni sheria, na kwamba afadhali kanisa lenye meno kuliko kibogoyo. Tangu siku ile hakugusa hata sufuria Ijumaa jua likishaelekea milimani.

Basi twende mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Niño zilikuwa zimekula barabara na madaraja, na wafadhili wa kamusi walikuwa wameandika barua mbili. Ya kwanza ilisema wanaleta kompyuta mbili, zenye mfumo uitwao Linux ambao haununuliwi, na ambao hauoni shida kuandika ë wala ö wala alama yoyote aliyowahi kuiwaza mwanadamu. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa kompyuta inafanya kazi ya watu wawili, ofisi ibaki na mpiga chapa mmoja. Wapiga chapa walikuwa Bonareri na Lynnet, msichana wa Mbita aliyeajiriwa mwaka uliotangulia. Wangefundishwa wote, Jumatano wangepewa mtihani wa ukurasa mmoja wa Kikuria, na mshindi angebaki. Emmah alikuwa ameingia kidato cha tatu. Bonareri hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na vidole.

Mwalimu, kijana wa Nairobi aitwaye Cephas, alitarajiwa Alhamisi. Gari lake likanasa matopeni kabla ya Homa Bay, likalala huko, naye akaingia Migori Ijumaa saa kumi, suruali imekauka tope mpaka magotini. Akaunganisha nyaya, akawasha, akatazama saa. "Nitafundisha kesho siku mzima," akasema. "Jumapili alfajiri lazima nirudi."

Bonareri alimgeukia Mzee Maroa. Alikuwa na hakika mzee atasema neno, kwa maana mtu aliyemfunga miezi sita kwa ratiba moja ya mazishi hawezi kufungua ofisi nzima siku ya Bwana.

"Kesho basi, saa mbili," akasema Mzee Maroa.

"Mzee, kesho ni Sabato."

"Najua siku, dada. Kila mtu na dhamiri yake."

Usiku ule Bonareri aliomba, na asubuhi akavaa gauni lake jeupe akaenda kanisani. Njia ilipita chini ya ofisi. Dirisha la juu lilikuwa wazi, na kwenye nguzo ya ngazi ilikuwa imeegemezwa baiskeli ya Mzee Maroa, ile yenye kofia ya plastiki juu ya kiti. Aliiona akadhani macho yanamdanganya. Kanisani Omanga alisimama akatangaza kwamba leo lesoni ya Biblia ataifundisha mwingine, kwa kuwa mzee ana udhuru. "Ng'ombe wake ametumbukia shimoni," akasema, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, maana hata Bwana aliruhusu ng'ombe atolewe shimoni siku ya Sabato. Bonareri peke yake ndiye aliyejua kwamba ng'ombe yule ana kioo na nyaya. Aliimba na kwaya nyimbo tatu na hakulisikia neno hata moja.

Jumatatu, Lynnet hakumficha kitu. Lazima nilitaje hilo, kwa sababu watu wa Migori wanapenda kusimulia kisa hiki wakimtia msichana wa watu ubaya. Saa ya chakula alimvutia Bonareri kiti.

"Mama Emmah, kuja nikuonyeshe. Unaona hii kitufe Cephas ameweka plasta nyekundu? Ukifinya, haiandiki kitu. Inangoja. Halafu unafinya hizi mtajo, halafu e. Ero! Imetokea."

Na kweli ë ilitokea kwenye kioo, imekamilika, nukta zake nadhifu kuliko nukta zozote alizowahi kuzitia Bonareri. Lynnet akamwonyesha ö, akamwonyesha na n yenye kiwimbi, na c yenye mkia, na vikorokoro vingine ambavyo hakuna Mkuria aliyewahi kuvihitaji.

"Na hapa mtajo iko wapi? Kwangu iko juu ya mbili."

"Hapana, hapa imehamia kando ya Enta. Na usirudi nyuma, Mama Emmah. Hii ukirudi nyuma inafuta."

"Inafuta?"

"Inafuta kabisa. Mimi siku mzima ya Jumamosi nilikuwa nafuta tu, mpaka Cephas akacheka. Jioni ndio mkono ikazoea."

Bonareri alijaribu mara kumi. Akitazama vidole, alipatia. Akiviacha, vilirudi nyumbani kwao. Kisha Mzee Maroa akarudi kutoka kula, Lynnet akahitaji kiti chake, kwa sababu kulikuwa na barua za wafadhili za kujibiwa, na Bonareri alikuwa na kurasa zake za kumaliza kwenye taipu. "Kesho tutafanya tena," akasema Lynnet. Kesho yake stima ikapotea Migori nzima tangu asubuhi hadi magharibi. Bonareri alikaa mbele ya kompyuta iliyokufa akibonyeza vitufe kwenye giza la kioo. Plasta, mtajo, e. Plasta, mtajo, o. Hakuwa na namna ya kujua kama anapatia.

Jumatano wanakamati wawili wakakaa na Mzee Maroa nyuma ya meza. Kila mpiga chapa akapewa ukurasa ulioandikwa kwa mkono na saa moja. Lynnet alianza polepole, akidonoa, shingo ikipanda na kushuka kati ya karatasi na kioo. Bonareri alianza kwa kutazama vidole. Mstari wa kwanza akaupatia, na wa pili. Lakini upande wa pili alisikia Lynnet akigonga, na mtu mwenye hofu hukimbilia anachokijua. Macho yakahama yakaenda kwenye karatasi. Mgongo ukanyooka. Mvua ya mawe ikaanza kunyesha katika ile ofisi, na mwanakamati mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko, kwamba sikia mtu anavyopiga.

Alimaliza kwa dakika thelathini na mbili. Lynnet hakuwa amefika hata nusu. Bonareri alikunja mikono mapajani, akapumua, na ndipo akainua macho.

Mistari miwili ya juu ilikuwa sawa. Chini yake, kila mahali palipotakiwa ë au ö, herufi ilikuwa imefutwa, na mahali pake imekaa ile a iliyozungushiwa mkia ambayo wenye maduka huiweka kwenye orodha ya bei: @. Vidole vilikuwa vimepiga e, vikarudi, vikafuta, vikapanda juu ya 2 kutafuta mtajo, na juu ya 2 ya kompyuta anakaa mwingine. Ukurasa mzima ulikuwa @ na @ na @. Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia.

"Nipeni dakika," alisema. "Nitarekebisha."

Lakini kanuni ilikuwa kwamba aliyekunja mikono amemaliza, na ukurasa wake ukasahihishwa hivyohivyo. Makosa mia moja na tisa. Mwanakamati mmoja alikohoa kuficha kicheko, akamwuliza kama hii ni kamusi au bei ya nyanya. Lynnet alimaliza dakika mbili kabla ya saa, makosa manne, akaanza kulia kabla hata jina lake halijatajwa.

Wanakamati walipotoka, Mzee Maroa alibaki. Hakuwa mtu mbaya kwa sura, na sauti yake ilikuwa ya pole. "Dada Bonareri, inaniuma. Lakini ungekuja Jumamosi. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Jumamosi nilikuwa kanisani, mzee. Kiti chako kilikuwa wazi."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni..."

"Mimi nilipomtoa ng'ombe wa Pamela, mlinitenga miezi sita! Mumewe alikuwa amelala sebuleni, mzee. Kompyuta ilikuwa inaoza?"

Mzee Maroa alitazama dirishani. "Usichanganye mambo ya kanisa na ya ofisi," akasema. "Ukitaka, chukua ile taipureta ya zamani. Hapa haina kazi tena."

Angeitupilia mbali ile sadaka kama angekuwa na mume, au shamba, au Emmah asingekuwa shuleni. Aliibeba. Akaiweka barazani karibu na soko, akawapigia watu barua za mashamba na maombi ya kazi, na wiki ya kwanza hakumsalimu mtu. Alikuwa na hasira iliyokataa kushuka kooni. Hasira yenyewe haikuwa juu ya Lynnet, wala juu ya kompyuta. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na yeye alikuwa amechoka kuwa nguruwe.

Kanisani, kina mama wawili watatu walikuwa wamekwisha kunong'ona kuhusu ile baiskeli kwenye nguzo, na mnong'ono ukalifikia baraza la kanisa. Baraza likakaa. Mzee Maroa alitoka nje kwa dakika kumi ili wamjadili kwa uhuru, akarudi akaketi kitini pake. Jumanne Omanga akaleta kumbukumbu za kikao kwa Bonareri azipige, kama kawaida, pamoja na barua tatu za waumini wanaohama. Hakusugua kofia safari hii. Sehemu ya nne ilisema hivi: "Baraza liliridhika kwamba mzee alikuwa na dharura, na likamshukuru kwa kujitoa."

Likamshukuru!

Bonareri alipiga kumbukumbu zote, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Kisha akafungua sanduku akatoa nakala ya kaboni ya mwaka wa tisini na tano, wino wake umefifia ukawa kijivu. Akatia karatasi mpya, akaipiga ile barua upya kama ilivyo. "Kwa kuwa alionekana akifanya kazi ya kawaida katika saa takatifu za Sabato, baraza limeamua awekwe chini ya marudi kwa muda wa miezi sita, asihudumu wala asishiriki meza ya Bwana." Alibadilisha tarehe na jina tu. Palipokuwa na dada Bonareri akaweka mzee Maroa. Akaiweka katikati ya zile barua za kuhama.

Alhamisi Mzee Maroa alipita kwa Bonareri pale sokoni kutia sahihi. Aliegemeza baiskeli, akatoa kalamu, akaanza. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bonareri alisimama mbele yake.

"Husomi, mzee?"

"Nikisoma kazi yako, dada, nitakuwa nakutukana," akasema, akatia sahihi kwenye barua yake mwenyewe, akafunua inayofuata.

Maneno yale yalimchoma kuliko mtihani. Kama kazi yake haikuhitaji kusomwa, alifukuzwa kwa nini? Lakini alimfungia bahasha, akamwambia aende salama. Sabato Omanga angesimama kama alivyosimama miaka mitatu iliyopita, na angesoma. Kila barua ya baraza yenye sahihi ya mwenyekiti husomwa. Usiku wa Ijumaa Bonareri alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Sabato alikaa mahali pake pa kwaya, safu ya mbele. Akamwona Omanga katika chumba kidogo cha pembeni akipanga karatasi za matangazo, akilamba kidole, akifunua. Akamwona amesimama kwenye moja. Akaisoma mpaka mwisho. Akairudia. Bonareri alishika ukingo wa benchi.

Omanga alitoka, akanyata mpaka kwaya, akainama sikioni pake. Uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Dada, hapa umechanganya majina. Naona ulishika barua ya zamani ukaweka jina la mzee. Usijali, nimeiona kabla sijasoma."

"Omanga, mimi..."

"Hapana, usiombe msamaha. Tulisikia yaliyotokea kule ofisini, zile alama zote. Ni umri, dada. Vidole navyo vinachoka. Na mzee naye hutia sahihi tu, kwa sababu anakuamini." Akaichana barua mara mbili, taratibu, isitoe sauti, akamwekea vipande kiganjani na kumfumba mkono kama anayempa mtoto peremende. "Utatupa njiani. Mimi sitamwambia mtu."

Bonareri alitaka kusema kwamba hakukosea. Alitaka kusema kwamba katika kurasa zote alizowahi kupiga maishani, ule ndio aliouangalia kwa macho, herufi baada ya herufi. Lakini Omanga alikuwa ameshaondoka, na kwaya ilikuwa inasimama. Mzee Maroa alipanda mimbarini na Biblia kwapani, akawatazama watu wake, akatabasamu.

"Sabato njema, ndugu zangu."

"Njema," likaitikia kanisa zima, na Bonareri, vipande vya barua vimemlowa mkononi, akausikia mdomo wake ukiitikia pamoja nao kabla hajauzuia.